Mashine inanguruma, nyasi hazikatiki: kagua kisu kabla ya kuizika injini

Masika imefanya kazi yake. Kuanzia Bunju, Boko na Mabwepande kule Kinondoni, hadi Chamazi, Toangoma na Kijichi upande wa Temeke, viwanja ambavyo mwezi Februari vilikuwa vumbi tupu sasa vina nyasi zinazofika magotini. Ndiyo maana simu yangu imejaa maswali kuhusu mashine za kukata nyasi. Nimechagua moja, maana linafanana na mengi niliyopokea.

Mama mmoja wa Bunju ameniandikia hivi:

"Habari za kazi kaka. Tuna mashine ya kusukuma, ya petroli, tuliinunua ikiwa imetumika. Inawaka vizuri na inanguruma, lakini nyasi zinalala chini kisha zinainuka tena, hazikatwi. Fundi aliyekuja amesema injini imekufa, tutafute nyingine. Kijana anayetukatia nyasi anasema injini haina neno, tuendelee nayo hivyo hivyo taratibu mpaka baba watoto arudi safari. Nina watoto wawili wadogo na uwanja umeshakuwa pori. Nifanye nini?"

Dada yangu, injini inayowaka vizuri na kunguruma bila kukohoa haijafa. Dalili ulizoeleza zinaonyesha kwamba kisu kinateleza, yaani injini inazunguka lakini nguvu yake haifiki yote kwenye kisu. Mara nyingi tiba yake ni bolti, washa au kipande kidogo cha chuma, si injini mpya. Kwa hiyo fundi wako usimlipe bado. Lakini ushauri wa kuukataa kwa nguvu zaidi ni ule wa kijana. Ushauri wa fundi ungekupotezea fedha. Ule wa kuendelea "taratibu" unaweza kumpotezea mtu mguu.

Kwa nini kisu kinachoteleza si cha kuvumilia

Wengi wetu tumekulia na fyekeo. Shule ya msingi ulikuwa unaambiwa Jumatatu uje na fyekeo, na asiyekuja nalo alipewa adhabu. Fyekeo lina ukali wake, lakini linakwenda kwa nguvu za mkono wako. Ukichoka, linasimama.

Mashine ni jambo jingine. Kisu cha mashine ya kawaida ya nyumbani kina urefu wa karibu nusu mita kutoka ncha hadi ncha, na injini huzunguka kama mara 3,000 kwa dakika. Ukipiga hesabu, ncha ya kisu hicho inasafiri karibu mita 78 kila sekunde, sawa na kilomita 280 hivi kwa saa. Hakuna basi la mkoani linalokaribia mwendo huo.

Sasa, kisu hicho chote katika mashine nyingi za kusukuma kinashikiliwa na bolti moja katikati. Kinapoteleza, kinasugua sehemu kilipokaa, kinapata joto, kinakula chuma, na bolti inazidi kulegea. Kila dakika unayoendelea kukata unazidi kukifungua. Kikichomoka, lile kava la chuma linaweza kukizuia, au kinaweza kutokea upande wa kutupia nyasi. Huko ndiko watoto husimama wakitazama.

Sikiliza kwanza, shika spana baadaye

Kabla ya kufungua chochote, sauti ya mashine inaweza kukueleza mengi. Ili isikike vizuri, mwambie mtumiaji akumbuke ilivyolia mara ya mwisho alipoingia kwenye nyasi nene.

Kama injini ilibaki na sauti ile ile ya juu, haikushuka kabisa, na nyasi zikalala bila kukatwa, basi kisu kinateleza. Injini haikuhisi mzigo kwa sababu mzigo haukuifikia.

Kama sauti ilishuka, ikawa nzito, injini ikataka kuzima, basi kisu hakitelezi. Hapo kuna mzigo mkubwa au injini imepungua nguvu. Katika masika sababu ya kwanza ni nyasi mbichi zilizogandamana ndani ya kava mpaka kisu kinazunguka kwenye matope ya majani. Sababu nyingine ni chujio la hewa lililojaa vumbi, au petroli iliyokaa kwenye tangi tangu mwaka jana.

Kama nyasi zinakatwa lakini ncha zake zinachanikachanika, na baada ya siku moja au mbili uwanja unageuka rangi ya kahawia juu juu, kisu ni butu tu. Kinahitaji tupa.

Kama mashine inatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi, zima mara moja. Kisu kimepinda, kimevunjika upande mmoja, au shafti ya injini imepinda. Hiyo usiijaribu tena mpaka ikaguliwe.

Kabla mkono haujaingia chini ya mashine

Hatua hizi hazirukwi, hata kama unataka kutazama tu.

Zima injini na uiache ipoe. Kisha chomoa waya wa plagi na uuweke mbali na plagi. Watu wengi hawaoni umuhimu wa hili kwa sababu mashine imeshazimwa. Lakini katika mashine nyingi za kusukuma kisu na injini ni kitu kimoja, na ukikizungusha kisu kwa mkono unaizungusha injini. Injini yenye petroli na plagi iliyounganishwa inaweza kushtuka na kupiga mara moja. Mara moja inatosha kuondoka na vidole.

Punguza petroli kwenye tangi ibaki kidogo, au funga koki kama ipo. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko la mkaa na mbali na anayevuta sigara. Mvuke wa petroli husambaa chini chini, na jiko lililo upande wa pili wa baraza si mbali kama unavyodhani.

Ilaze mashine upande, ukihakikisha kabureta na chujio la hewa viko juu. Ukilaza kinyume, oili itaingia kwenye chujio, na kesho mashine itatoa moshi mweupe mpaka majirani wakuulize unachoma nini.

Vaa glavu nene. Kama huna, kunja gunia mara mbili. Watoto wawe ndani ya nyumba au kwa jirani, na mtu mzima mwingine awaangalie. Usimpe mtoto kazi ya kushika tochi.

Kagua kwa mpangilio huu

Kwanza, kwangua nyasi zote zilizoganda ndani ya kava kwa kipande cha mbao. Usitumie maji ya bomba ukiwa unataka kuona tatizo, maana matope yaliyolowa yanaficha nyufa. Tazama kisu chote kwa tochi. Chenye ufa, au kilicholika mbawa zake mpaka zimekuwa nyembamba kama kifuniko cha kopo, hakitengenezwi. Kinatupwa. Usikubali kichomelewe na fundi geti, hata kama kazi yake ni nzuri kwenye madirisha.

Pili, angalia kisu kimefungwa upande sahihi. Zile mbawa zilizopinda kwenye ncha zinatakiwa zielekee juu, ndani ya kava, kwa sababu ndizo zinazovuta nyasi zisimame zikatwe. Kisu kilichogeuzwa hulaza nyasi kama fagio. Mashine zilizonunuliwa zikiwa zimetumika huwa na kasoro hii mara kwa mara, kwa sababu mwenye nazo alinoa kisu kisha akakirudisha kinyume.

Tatu, na hili ndilo linalomhusu dada yetu wa Bunju, shika kisu kwa glavu ujaribu kukizungusha taratibu. Mashine nyingi za kusukuma zina mkono wa pili kwenye usukani, ule unaoubana ndipo mashine ikubali kuwaka. Ukiuachia, breki hushika injini. Kwa hiyo mashine ikiwa imezimwa na mkono huo umeachiwa, kisu kinatakiwa kuwa kigumu kuzunguka. Kikizunguka kirahisi kama feni iliyozimwa umeme, basi hakijashikamana na injini. Jibu umeshalipata bila kulipa hata shilingi.

Nne, kaza bolti ya katikati. Weka kipande cha mbao kati ya kisu na kava ili kisu kisizunguke, kisha tumia spana ya mviringo inayokaa vizuri. Spana ya mdomo wazi hula kona za bolti. Kama bolti inakubali kuzunguka nusu mzunguko au zaidi bila nguvu nyingi, ilikuwa imelegea. Usiikaze tu ukaondoka. Ifungue kabisa utazame ndani.

Ukiifungua utakuta bolti, washa nene, kisu chenyewe, na nyuma yake kipande cha chuma kinachokaa kwenye shafti na kukibeba kisu. Washa hiyo huwa imepinda kidogo kama kisahani kwa makusudi, ili iendelee kubana kama springi. Ikiwa imenyooka kabisa, ibadilishe. Angalia pia tundu la kisu. Likiwa limepanuka au lina alama zinazong'aa za kusuguana, kisu hicho hakitashika tena hata ukikaza kwa nguvu za watu wawili.

Tano, angalia mfereji mwembamba uliochongwa kwenye shafti. Katika mashine nyingi hapo hukaa kipande kidogo cha chuma, kama punje ya mahindi kwa ukubwa, kinachofunga kile kibeba kisu kisizunguke chenyewe juu ya shafti. Chuma hicho kimetengenezwa kiwe laini. Kisu kikigonga kisiki cha mwembe au jiwe, chuma hicho ndicho kinachokatika, ili shafti ya injini isipinde. Kazi yake ni kufa kwa niaba ya injini. Kikikatika, injini inanguruma, kisu kinateleza, na mtu anaambiwa anunue mashine mpya.

Hapa kuna tabia moja ya kuacha. Usikubali mtu akate kipande cha msumari akachomeka pale. Msumari hauna umbo la mfereji ule, unacheza, na unaweza kuuharibu mfereji wenyewe. Tena ukishika vizuri ni mbaya zaidi, maana siku kisu kikigonga jiwe, kitakachopinda ni shafti. Hapo ndipo injini itakapokuwa imekufa kweli. Nenda na kipande cha zamani dukani, Gerezani au Kariakoo, upate kinacholingana.

Kipande kingine kama hicho kipo juu ya injini, kwenye gurudumu zito la chuma. Ukiona mashine imegonga kitu, kisha kamba ya kuwashia ikaanza kukurudisha mkono kwa nguvu au injini ikawa ngumu kuwaka, kipande hicho nacho huenda kimekatika. Kazi hiyo mwachie fundi.

Sita, pima kama shafti imenyooka. Chukua kijiti, pima umbali kutoka ncha moja ya kisu hadi ukingo wa kava. Zungusha kisu nusu mzunguko, ncha ya pili ije mahali pale pale, upime tena. Vipimo vikipishana wazi wazi, ama kisu kimepinda ama shafti. Weka kisu kizima upime tena. Tofauti ikibaki, ni shafti.

Ukimaliza kufunga, tumia rangi ya kucha. Chora mstari mmoja unaoanzia kwenye bolti, upite juu ya washa, uishie kwenye kisu. Acha ukauke. Kata nyasi kwa dakika kumi, zima, chomoa waya wa plagi, ulaze mashine utazame. Mstari ukiwa bado umenyooka, kisu hakitelezi. Ukiwa umekatika, bado kuna tatizo, na umelijua kabla halijakuwa ajali.

Mashine zenye mkanda

Wasomaji wenye viwanja vikubwa, na wale walio kwenye kamati za shule na makanisa, huwa na mashine ya kukalia. Hizo injini haishiki kisu moja kwa moja. Mkanda unatoka kwenye injini, unapita kwenye puli kadhaa, unazungusha visu viwili au vitatu vilivyo chini ya kava. Hapa kinachoteleza mara nyingi ni mkanda, na dalili yake ni harufu ya mpira unaoungua pamoja na mlio wa kukwaruza unapoingia kwenye nyasi nene.

Mkanda mzuri ni mkavu na kingo zake zimechongoka. Uliochoka unang'aa pembeni kama umepakwa mafuta, una nyufa upande wa ndani, au umekuwa mwembamba mpaka unazama kwenye mfereji wa puli na kugusa chini. Mkanda wa aina hii hushika kwa mbavu zake za pembeni, si kwa tumbo. Ukishagusa chini ya mfereji, hata ukiukaza vipi utateleza.

Usiende dukani na kumbukumbu kichwani. Nenda na mkanda wenyewe, usome maandishi yaliyo mgongoni. Upana ni muhimu kama urefu. Mkanda wa herufi A una upana wa milimita 13 na wa herufi B milimita 17, na mmoja hauwezi kufanya kazi ya mwingine. Muuzaji anaweza kukupa wa mashine ya kusaga unaolingana kwa vipimo. Utazunguka, lakini baadhi ya mashine za nyasi zinahitaji mkanda ulioimarishwa kwa sababu hukazwa na kulegezwa mara nyingi, hivyo muulize wa kazi hiyo.

Kabla ya kuulaumu mkanda, angalia springi inayoubana na ile puli ndogo ya kukazia. Springi iliyonyooka haibani. Puli ambayo beringi yake imekufa itaula mkanda mpya ndani ya wiki chache. Zungusha kila puli kwa mkono. Inayokwaruza kama ina mchanga ndani, beringi imekwisha. Upande wa Mbagala na Chamazi, ambako ardhi ni ya kichanga, beringi hufa mapema. Na wanaokaa karibu na bahari, kama Mbweni na Kunduchi, chumvi hula springi na bolti kabla ya kitu kingine. Mkanda ukikutwa na oili, tafuta oili inatoka wapi kwanza. Usipake lami, gundi wala kitu chochote cha kunata.

Mashine za begani

Vijana wengi wanaopita mitaani kukata nyasi wanatumia mashine ya kubeba begani. Yenyewe haina kava la kufunika kisu chote, kwa hiyo ihesabu kuwa hatari zaidi. Kisu chake hupata nguvu kupitia klachi, inayoshika injini ikipandishwa na kuachia ikishushwa. Ukipandisha injini na kisu kinazunguka kivivu, huku kukiwa na joto kali na harufu ya kuungua karibu na injini, klachi imelika. Kisu kikizunguka wakati mashine imeshushwa kabisa, ama springi ya klachi imekatika ama injini imewekwa juu mno. Mashine hiyo isibebwe na mtu mpaka itengenezwe.

Kumbuka pia kwamba nati ya kisu cha mashine nyingi za begani hufunguliwa kinyume na nati za kawaida. Unadhani unafungua, kumbe unakaza.

Lini uite fundi, na umwambie nini

Kukaza bolti, kubadilisha washa, kusafisha kava na kunoa kisu ni kazi za nyumbani. Unaponoa, noa ncha zote mbili sawa, kisha ning'iniza kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ni mzito, uongeze tupa kidogo mpaka vilingane.

Shafti, gurudumu la injini, klachi na beringi ni kazi za fundi. Si lazima awe fundi wa mashine za nyasi. Fundi pikipiki mwenye uzoefu, na mitaani kwetu hawakosekani, anaelewa klachi, beringi na injini ndogo. Mwambie maneno haya: "Injini inawaka vizuri na sauti haishuki nikiingia kwenye nyasi. Naomba unionyeshe kitu kinachoteleza kabla hujabadilisha chochote." Na mkubaliane mapema kwamba kila kipande kilichotolewa unakabidhiwa. Fundi mwaminifu hatachukia.

Mkono uliofungwa kwa kamba

Sasa nirudi kwa kijana. Ukipita mitaa mingi utaona mashine za kusukuma zikiwa na ule mkono wa usalama uliofungwa kwa kamba ya katani au waya. Ukiuliza, unaambiwa, "Mama, huu unachosha vidole, ukiufunga unafanya kazi vizuri."

Mkono ule haukuwekwa kwa bahati mbaya. Tangu mwaka 1982 sheria ya Marekani inataka kisu cha mashine ya kusukuma kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya mtu kuachia mkono, na mashine nyingi zinazouzwa duniani zimefuata mtindo huo. Ukiteleza kwenye nyasi zilizolowa, mikono yako huachia yenyewe, na mashine huzima. Ukiufunga kwa kamba, umelazimisha mashine iendelee kukata hata kama aliyeishika ameanguka. Kisu kilicholegea na mkono uliofungwa kwa pamoja ndiyo hali inayonitisha kuliko zote. Kata kamba hiyo leo. Mashine ikikataa kuwaka bila kamba hata ukiubana mkono huo, huenda waya wa breki una hitilafu, na waya wa namna hiyo fundi pikipiki anaujua.

Sisi wenye nyumba tuna wajibu pia. Kijana anakuja na kandambili, hana miwani, na tunamwambia afanye haraka kabla ya jua kali. Mpe buti. Kabla hajaanza, waambie watoto wakubwa waokote mawe, chupa, vipande vya nondo na kokoto. Vitabu vingi vya mashine za begani vinataka watu wengine wakae mbali si chini ya mita 15, na hiyo ni zaidi ya upana wa viwanja vyetu vingi. Kwa hiyo utaratibu rahisi ni mmoja: mashine ikiwaka, watoto wako ndani.

Kuhusu umri, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinashauri mtoto asisukume mashine kabla ya kutimiza miaka 12, na asiendeshe ya kukalia kabla ya miaka 16. Na kumpakata mtoto kwenye mashine ya kukalia ili afurahi, tafadhali, hapana.

Petroli nayo isihifadhiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi harufu. Akishakunywa, usimlazimishe kutapika, kwa sababu petroli inaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali.

Ajali ya kisu ikitokea, gandamiza jeraha kwa kitambaa safi, hata kanga, na usiachie kuchungulia kila dakika. Usipake majivu, kahawa wala dawa ya meno. Kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevunyevu, kiweke kwenye mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo ndio uuweke kwenye barafu. Hospitali za rufaa za Mwananyamala na Temeke ziko karibu na wengi wetu, na majeraha makubwa ya mifupa hupelekwa Taasisi ya MOI pale Muhimbili.

Kwa dada wa Bunju

Usinunue injini, na mashine isiwashwe tena kwanza. Jumamosi asubuhi, watoto wakiwa kwa jirani, mwite kijana mfanye pamoja ule ukaguzi wa kisu. Ninatarajia mtakuta bolti imelegea, au kile kipande kama punje ya mahindi kimekatika. Mkikuta shafti imepinda, basi fundi wako alikuwa na hoja, na utampigia ukiwa unajua unacholipia. Nyasi zikisubiri wiki moja zaidi hazitamuumiza mtu, na kama unaogopa nyoka, fyekeo litasafisha njia ya mlangoni na sehemu ya kuanikia nguo.

Wengine mliouliza kuhusu mashine zinazotoa moshi na zinazogoma kuwaka asubuhi, maswali yenu nimeyapata. Tutaanza nayo wiki ijayo, Mungu akipenda.